Nywele za Mwaka wa Sungura

Jumatano, 2 Aprili 1975

Mkuu wa nchi ameondoka jana. Redio inasema ni ziara. Ziara! Mke wa mkaguzi wa forodha alicheka chini ya mashine ya kukaushia nywele mpaka rola zikaanza kumlegea. Nikamwambia tulia mama, utatoka hapa na kichwa cha kuku aliyenyeshewa.

Halafu umeme ukakatika. Kichwa nusu kikavu, nusu mbichi. Nikampepea kwa mkono huku makombora yakigonga upande wa pili wa mto. Siku hizi hatuinamii tena, labda yakivuma karibu.

Virak amerudi kutoka kwenye mitambo ya maji, shati limelowa mafuta, kalamu zake bado zimepangwa mfukoni. Nyumba ya mume wangu inaweza kuungua yote, kalamu zikabaki. Nimemuuliza tutafanya nini wa msituni wakiingia mjini. Amesema maji hayana chama: akitawala huyu ataoga, akitawala yule ataoga, na wote watamhitaji injinia. Nikamwambia vizuri, andika hayo kwenye bango ubandike mlangoni.

Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Jumamosi, 5 Aprili

Ajabu ya leo. Mke wa kanali, yule wa nyumba ya kona yenye maua ya karatasi. Miaka yote namjengea mnara kichwani, chupa nzima ya dawa ya kugandisha inaishia pale. Leo amekaa kitini, akasema kata.

— Kidogo?

— Hapa. Akaonyesha kidevuni. Sawasawa, bila mawimbi. Kama wale wasichana wa mashambani.

Nikamuuliza kama amefiwa. Akasema ni joto tu, Nimol. Joto! Kila Aprili kuna joto. Kisha akanyoosha mikono nimfute rangi ya kucha, yote, hata pembeni ambako huwa inabaki. Alikuwa akinong'ona kama tuko hekaluni. Alipojitazama kwenye kioo alionekana mtu wa kupanda mpunga, ila kwa ile mikono laini. Aliitazama mikono yake muda mrefu.

Nilifagia nywele zake. Rundo zima. Sijui kwa nini sikulitupa mara moja.

Jumanne, 8 Aprili

Leo wawili wengine. Mke wa daktari wa meno na binti wa mwenye hoteli. Kata hapa, sawasawa, futa rangi. Hakuna aliyeniambia sababu na mimi sikuuliza. Nyumba ya kanali imefungwa, mbwa kaachwa ndani anabweka. Saluni yangu imegeuka kiwanda cha kutengeneza washamba!

Jioni kaka yangu Kosal alikuja. Vumbi la mchele hadi kwenye kope. Anafanya kazi uwanja wa ndege, wanapakua magunia huku roketi zinaanguka. Hakutaka kukaa.

Kasema ndege zinakuja zimejaa mchele na kurudi tupu. Nyingine zinarudi Thailand. Amesemezana na msimamizi wa wapakuzi. Alhamisi asubuhi anaweza kutupandisha: mimi, Virak, binti yetu Mealea na mama mkwe. Mfuko mmoja kila mtu.

Nilianza kupanga kichwani nguo za mtoto pale pale.

Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuinua hata uso.

— Jumapili ni mwaka mpya, alisema. Malaika wa zamani anapanda, mpya anashuka. Akikuta nyumba haina mtu anapita zake. Mnataka mwaka mzima bila mlinzi?

— Mama, nikasema, Thailand nako mwaka mpya ni huo huo. Malaika atashuka huko pia.

— Huyo ni wa Wathai.

Kosal akashika kichwa. Virak akasema basi tungoje sikukuu ipite, wiki moja tu, tutaondoka sote kwa amani. Yeye ni mtoto pekee aliyebakia, hawezi kumwacha mama yake. Kosal akamjibu: shemeji, hii ndege si basi, kwamba ukilikosa hili unangoja lingine. Virak akavua miwani akaifuta. Akifuta miwani, najua maneno yamekwisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Hatukwenda.

Mfuko niliuweka mlangoni tangu alfajiri. Mama mkwe aliuruka akienda sokoni kutafuta ndizi za malaika. Aliuruka, kama mtu anavyoruka dimbwi!

Kosal alikuja na pikipiki. Aliniita pembeni.

— Dada, twende wewe na mtoto. Hao watakufuata.

Mealea alikuwa ameketi mapajani mwa baba yake, anamhesabia vifungo vya shati. Ana miaka saba, bado anaamini baba yake ndiye anayefungua mvua. Niliwatazama. Nikasema bado. Bado! Kama vile tunangoja chai ichemke. Kosal aliwasha pikipiki bila kuaga.

Nimekasirika tangu asubuhi. Namkasirikia mama mkwe, namkasirikia Virak, na zaidi najikasirikia mwenyewe, maana miguu ilikuwa yangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Helikopta. Asubuhi nzima zilipita chini chini, paa zikatetemeka, vioo vya saluni vikalia. Tulitoka nje wote mtaa mzima. Watoto wakapunga mikono. Mealea naye akapunga.

Ni Wamarekani wanaondoka. Mchana kila kitu kilikuwa kimya na geti la ubalozi wao liko wazi. Muuza tambi wa ng'ambo ya barabara anasema ameona watu wanatoka humo wamebeba viti.

Kosal alipita. Ndege hazitui tena, amesema. Mchele unatupwa kwa miavuli kutoka juu. Nikamngoja aniambie nilikuambia. Hakusema. Alimpa Mealea mfuko mdogo wa mchele alioufunga kwa kamba ya gunia, akambusu utosini, akarudi kazini. Kazi gani tena? Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Aprili

Mwaka mpya.

Meza ya malaika imewekwa mbele ya mlango: ndizi, mishumaa, uvumba, maji yenye maua ya mlangilangi. Mama mkwe kavaa blauzi nyeupe, nywele zake chache amezipaka mafuta. Alinitaka nimchane. Nilimchana. Mikono yangu ilitaka kuvuta kidogo. Nikaizuia.

Saa ya malaika ilipofika tulipiga magoti. Mara roketi ikaanguka upande wa soko. Virak akamvuta mtoto chini ya kiti cha saluni, mimi nikajibanza ukutani. Mama mkwe hakutikisika. Mkono mmoja ulikinga mshumaa.

— Ameshuka, akasema.

Kitu fulani kilishuka, kweli.

Baadaye Virak akajaribu kutuchangamsha. Mwaka wa chui milia umekwisha, akasema, ndiyo maana ulikuwa mkali. Huu ni wa sungura, mnyama mpole. Nikamwambia mpole ndiyo, lakini umewahi kumwona sungura anakaa nyumbani mbwa wakija? Mama mkwe akaniangalia. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya kuwaogesha wazee. Sikutaka.

Nilichota maji, nikatia maua, nikamkalisha mama mkwe kwenye kigoda ua wa nyuma. Virak alimwosha miguu akamwomba radhi kwa makosa ya mwaka, halafu akakimbia kazini, pampu imeharibika. Mimi nikabaki na mgongo.

Nilimsugua nikiwa namchukia. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Ndege, ndizi, malaika, yote yalikuwa yananizunguka kichwani na sabuni ilikuwa mkononi. Mgongo wenyewe mwembamba, mifupa inahesabika.

— Umenikasirikia, akasema bila kugeuka.

— Ndiyo, Mama.

— Nilizika watoto wanne nikiwa na nyumba. Walikuwa na pa kulazwa, wakawekewa uji na mshumaa wao. Mtu asiye na nyumba anazikia wapi?

Nikammwagia maji polepole, kichwani, mabegani. Akanigusa utosini na mkono wake uliolowa, akaninong'onea baraka zake zote mpaka mwisho. Hakuna mtoto wa nyumba hii anayevuka mlango kwa safari bila mkono huo. Hata Virak, na digrii zake, akisafiri kwenda kukagua bomba la kijiji cha jirani anapiga magoti kwanza.

Jioni: wameuteka uwanja wa ndege. Kosal hajaja. Amri imetoka, mtu asitoke nje. Nimemwekea sahani.

Alhamisi, 17 Aprili

Imekwisha! Ndivyo nilivyoandika asubuhi. Nimeliacha neno lisimame, ila sijui tena nini kimekwisha.

Alfajiri mashuka meupe madirishani, mtaa mzima. Mizinga imenyamaza. Kimya kile kilinitoa machozi. Virak akatundika taulo zangu zote nyeupe za saluni, tukacheka, tukamrusha Mealea juu. Muuza tambi akamkumbatia askari wa serikali aliyekuwa anavua magwanda barabarani. Amani, wote wanaita amani.

Kisha wakaja. Nguo nyeusi, viatu vya tairi, mstari mmoja kila upande wa barabara. Wadogo! Wengine bunduki inawazidi. Watu wakawapungia, wakawarushia maua. Hawakupunga. Hawakucheka. Walitutazama kana kwamba sisi ni kelele.

Msichana mmoja akaingia saluni na bunduki. Akajiona kwenye kioo kikubwa, akashtuka, akarudi nyuma hatua. Nami nikashtuka, kwa sababu nyingine. Nywele zake: kidevuni, sawasawa, bila mawimbi. Ndio mkato ule ule wa mke wa kanali. Kwa hiyo walijua! Wote wale waliokaa kwenye kile kiti walijua, na mimi nikashika mkasi nikijiona mjanja.

Akaigonga mashine ya kukaushia kwa mtutu.

— Hii ya nini?

— Ya kukaushia nywele, dada.

— Kwenu hakuna jua?

Sikucheka. Naye hakuwa anatania. Akasema tutoke. Wamarekani watapiga mji mabomu, watu wote watoke, siku tatu tu, msibebe vingi. Virak akamweleza kwa adabu kwamba yeye ni wa maji, zamu yake ni saa nane mchana. Akamwita yule msichana 'mdogo wangu'. Msichana akainua bunduki kidogo tu, kama mtu anayeinua kidole.

Tukatoka. Mama mkwe akataka kufunga kwa ufunguo. Msichana akasema hakuna haja, Angkar italinda. Ndivyo wanavyoita chama chao, au serikali yao, sijui. Mama mkwe akaitazama meza ya malaika, ndizi zimeshaanza madoa.

— Wewe baki, akaiambia. Angalia nyumba.

Jumamosi, 19 Aprili

Barabara ya kaskazini. Mji wote uko barabarani. Tunakwenda hatua kumi, tunasimama. Jua linaumiza. Nimeona watu wakisukuma kitanda cha hospitali chenye magurudumu, mgonjwa juu yake, chupa ya maji ya dawa imeshikwa na mtoto wake. Gurudumu moja lilikuwa limevunjika. Hakuna aliyesaidia. Wala mimi.

Nauliza kila mtu mwenye vumbi la mchele: umemwona Kosal, anapakua magunia? Watu wanatingisha vichwa.

Noti za riel zimetapakaa njiani kama majani, watoto wanazichezea. Askari mmoja alisema hela haina kazi tena. Alisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza harusi.

Nimekata nywele zangu. Kidevuni, sawasawa. Za Mealea pia, akalia, nikamwambia ni mtindo mpya. Mikono yangu imekolea rangi ya dawa, nimeisugua kwa mchanga lakini haitoki. Nimemwomba Virak aitupe miwani yake ya kisomi. Amesema asipoona njia atamkanyaga mama yake. Kalamu nimezitupa mwenyewe alipolala. Amezitafuta asubuhi kila mfuko, sikusema kitu.

Siku tatu kesho zinatimia. Hakuna anayezungumzia kurudi.

Jumatatu, 21 Aprili

Karibu na Prek Phnov. Wametusimamisha tangu asubuhi kwenye shamba lililovunwa. Naandika nimeinama, kitambaa changu cha krama kichwani, anayeniona atadhani namtafuta chawa mtoto.

Kuna kipaza sauti. Sauti ya mtu mzima, laini, ya kwanza laini tangu tulipotoka nyumbani. Inasema vita imekwisha, mji unahitaji watu wake. Mainjinia, madaktari, walimu, maofisa: wenye elimu wajitokeze pale kwenye lori, Angkar itawarudisha mjini kuendesha kazi. Familia zitafuata baadaye. Wasio na elimu waendelee na safari.

Virak alinishika mabega.

— Mama Mealea! Nilikuambia au sikukuambia? Maji!

Uso ulivyomng'aa. Sijamwona hivyo tangu mtoto azaliwe. Pampu zake zimekaa siku nne bila mtu, anasema, mchanga utakuwa umejaa kwenye mabomba. Watu wanajitokeza wengi. Wanatoa mashati safi yaliyokuwa chini ya mifuko, wanatema mate kwenye leso wanafuta viatu. Wengine wanakumbatiana. Mwalimu mmoja jirani yetu hapa amekwenda anaimba.

Lori la kwanza liliondoka limejaa. Nimelifuata kwa macho. Halikushika barabara ya mjini. Lilikata kwenye njia ya mikokoteni, kuelekea kule kwenye mianzi. Nikamwambia Virak. Akasema barabara imejaa watu, lazima wazungukie nyuma, hata yeye angefanya hivyo.

Lori limerudi. Tupu. Haraka mno! Sisi tumetembea siku nne. Nikamwambia tena. Akasema labda kuna kituo karibu wanakowashusha, mama Mealea, usianze. Na kwamba akienda yeye, sisi tutakula wali jioni hii, na mama yake atalala kitandani. Anataka hivyo kwa ajili yetu. Hicho ndicho kinachoniua.

Kisha akaniomba nimkate nywele. Hawezi kwenda mbele ya wakubwa na kichwa cha mwizi wa kuku. Alicheka. Akakaa chini mbele yangu, akavua miwani, akanipa niishike.

Nikaanza kukata. Sijawahi kukata polepole hivyo. Nywele moja moja. Nilimaliza upande wa kulia, mfupi, safi, nyuma ya sikio kama anavyopenda. Nikageuka kuchukua kitana. Nikarudi. Mkasi haupo.

Nilitafuta kwenye majani, kwenye mfuko, chini ya Mealea. Halafu nikamwona mama mkwe. Alikuwa amesogea. Ameketi penye kitambaa changu cha kazi, miguu ameikunja, amejiweka pale kama mzigo. Ncha ya mkasi inachungulia chini ya paja lake. Macho yetu yakakutana.

Akaivuta nguo yake, ncha ikafunikwa. Nami nikaacha kutafuta.

Nikamwambia Virak nadhani nimeuacha kule kwenye maji tulikochota asubuhi. Amekwenda kuutafuta. Miwani nimebaki nayo mimi. Namwona kutoka hapa anapapasa kwenye nyasi, upande mmoja wa kichwa mtu wa ofisini, upande mwingine mwehu. Watu wanamcheka. Wacheke. Mtu hawezi kwenda kazini na kichwa nusu.

Kipaza sauti kinaita tena. Lori hili ni la mwisho kwa leo, kinasema.

Amerudi. Amechukua miwani mkononi mwangu, kwa upole. Amesema basi, atakwenda hivi hivi, atajifunga krama, mjini vinyozi hawakosekani. Amembusu Mealea. Nimemshika mkono wa shati. Amesema nimwache amuage mama.

Sasa amepiga magoti mbele yake, viganja pamoja, ameinamisha kichwa kile nusu. Anangoja mkono wake. Kule nyuma lori limewashwa. Anaita: Mama. Mama, nina haraka. Mama, niguse niende.

Mama mkwe amefumba macho kama amelala. Mikono yote miwili ameificha ndani ya krama. Ameukalia mkasi, na hainuki.